Buti za mlima za mtumba pale Mlango Mmoja

Mguu wangu namba 43 ila ile namba ya kwenye soli mi siiamini tena, kuna 43 inabana kama ya mtoto na kuna nyingine unaogelea. Mwaka juzi kwenye duka moja hapa mjini niliambiwa "zitaachia tu kaka", nikapanda nazo Kilimanjaro, kupanda fresh, kushuka sasa, vidole vinagonga mbele siku nzima, kucha mbili zikang'oka.

Safari hii nikaenda soko la Mlango Mmoja jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo na joto la Mwanza, na soksi nene nimebeba mwenyewe. Jamaa wa mtumba akanipa kigoda wala hakunikimbiza, nikasukuma vidole mpaka mbele kabla ya kufunga kamba, nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kikaingia, nikafunga, nikapanda na kushuka ngazi za jirani kama mara sita hivi watu wananicheka, kisigino hakichomoki na vidole havigusi mbele. Kwenye soli imeandikwa 44, aisee. Elfu 45 baada ya kubishana sana. Kamba tu ndo zimechakaa, nimenunua nyingine buku.