Nimecheza larp shamba Kizimbani: kukodi deraya ilikuwa hasara tu, raha ni kuwa zimwi

Tangu niposti zile picha niko na ngao na uso wa kijani watu hawanipi nafasi, kila mmoja anauliza ile filamu au nimerukwa na akili, basi naandika mara moja nipumzike.

Ile inaitwa larp. Ni kuigiza lakini hakuna jukwaa, hakuna watazamaji wala maneno ya kukariri, unachagua mhusika wako, askari wa mfalme, mganga, mchawi, tajiri wa majahazi, halafu siku nzima unaishi wewe ndo huyo mtu, ukila ndo yeye anakula, ukigombana ndo yeye kagombana. Wenzetu wanayo zamani, Uingereza washaanza kuchezea kwenye ngome ya Peckforton tokea 1982, na Ujerumani kule Brokeloh kila kiangazi wanajaa maelfu na mahema yao. Sisi tulikuwa kama thelathini hivi, chini ya mikarafuu upande wa Kizimbani, hapa Unguja, Jumamosi asubuhi mpaka magharibi, elfu arubaini kwa kichwa na chakula ndani.

Sasa mie nikaingia kwa pupa. Nikakodi deraya, ile ya plastiki ya kifuani na mabegani, elfu ishirini na tano nyengine, na kaskazi imekaza jua linachoma mpaka kuku wamejificha. Saa nne tu nshakuwa kama mkate wa kumimina ndani ya chungu. Na kumbe nguo nilikuwa nazo nyumbani! Kanzu, kilemba, makubadhi, na joho la marehemu babu lililo ndani ya sanduku la bibi, ambalo nililichukua kimya kimya nikalitia ndani ya mkoba, pengine litafaa. Waliopendeza siku ile wote walivaa vya kwao, kuna kijana kaja na msuli, kizibao na kofia ya kiua tu, na ukimuona unasema huyu kashuka jahazini sasa hivi katokea Shihiri, kule Yemen.

Silaha nawapa maksi zote. Upanga ndani una ufito wa faiba, juu yake sponji, juu ya sponji wamepaka lateksi, yaani mpira wa majimaji, na rangi mpaka kwa mbali unasema chuma. Kabla ya kuanza mkaguzi anashika mmoja mmoja, anabonyeza ncha kwa dole gumba, anaukunja kidogo, halafu anajitandika nao pajani mwenyewe, ukimuuma wewe huutumii. Usiusimamishe kwa ncha na usiuache juani, ile lateksi inanata kama ubani uliotafunwa, wangu mpini ulikuwa unabaki na mkono. Sheria: kichwani hupigi, kuchoma kwa ncha hakuna, na pigo unalizuia mwenyewe lifike limeshapoa, ni kugusa tu. Hapo ndo nilipoharibu. Mie mtu wa Mwaka Kogwa, ile sikukuu ya Makunduchi ya kupigana kwa migomba, kule mgomba ukikupata umekupata, basi kijana mmoja wa Kwahani nikampa la bega la haja. Akanitazama, "Yakhe, huku si Makunduchi." Watu wakacheka, mkaguzi hakucheka, kaniweka pembeni dakika kumi na alikuwa na haki yake.

Uhai unahesabu mwenyewe, mie nilipewa tatu, ukiguswa mara tatu umeanguka na hakuna refa wa kukuhesabia, ni wewe na Mola wako. Ukitaka kusema jambo la nje ya mchezo unaweka ngumi juu ya kichwa, mtu akiumia kweli anapiga ukelele SIMAMA na wote mnaganda hapo hapo.

Kitu chengine nilichopoteza nacho usingizi ni historia ya mhusika. Niliandika kurasa nne, mwana wa mfalme kaporwa kiti na ami yake, kuna mapenzi, kuna sumu, kuna pete. Hakuna alieniuliza hata jina! Saa tano na nusu nikakutana na mazimwi matatu nyuma ya mfenesi, nikafa, na kurasa zangu nne zikafa na mimi.

Ila kufa ndo kuliniokoa maana ukifa unapelekwa upande wa mazimwi, unapakwa kijani, unaambiwa kajifiche pale, wakipita watokee mbio, piga kelele, pigwa, anguka, rudi tena. Hakuna cha kufikiri utasema nini. Nimekufa labda mara kumi na tano na kila nikifa naona mwili unazidi kulegea, aibu inaondoka, mkono unajua sasa kupiga bila kuumiza. Kama unaanza, omba zimwi tokea asubuhi, wallahi, utu uje baadae.

Adhuhuri mchezo ukasimama watu wakasali, hapo pakawa na kasheshe maana mazimwi tumejipanga bombani na tumepakwa mpaka masikioni, mzee mmoja mwenye shamba akatushikia bango kwamba rangi inazuia maji, udhu haupiti. Bahati ilikuwa rangi ya maji, ikatoka, lakini tulisuguana nusu saa na sabuni ya mche.

Jioni nikarudi mtu, safari hii mchuuzi tu, joho la babu begani. Sokoni kulikuwa na mama mmoja wa Mkunazini anaigiza mganga, kapanga vichupa vyake juu ya jamvi. Namuuliza, "Bi, hii dawa ya donda au ya kunitia wazimu?" Hakunyanyua hata uso, "Ya donda, wazimu umekuja nao mwanangu." Tukapatana bei pale karibu dakika ishirini kwa vipesa vya bati, na nimekuja kushtuka simu yangu sijaishika tokea saa tisa.

Ubaya upo. Karatasi ya sheria Kiingereza kitupu, ikabidi kijana mmoja akae anatafsiria watu kumi. Maji ya kunywa yaliisha mapema, kwa jua lile ni hatari si mchezo. Pilau imefika saa tisa na nusu watu wamechacha njaa. Nyota tatu na nusu, na nshalipia ya mara ya pili, zimwi, bila deraya.

Sasa shida moja, shingoni mwa joho pameganda rangi ya kijani kama kiganja kizima. Mwenye kujua dobi anaeweza joho la Omani anistue inboksi leo leo, bibi Ijumaa anafungua sanduku lake kutia udi.