Shikamoo mama, lakini kazi hatukupi: uzoefu wangu na wakala wa ajira Dar

Kama umevuka miaka 40 na unatafuta kazi hapa Dar es Salaam, usipoteze nauli kwenda kwenye ile ejensi ya ajira ya Mikocheni, ghorofa ya tatu. Jina lao siliandiki. Mwanzo nililiandika, mume wangu akalisoma, akaniambia, "Mama Salma, lifute kwanza, hasira zikipoa utaamua." Nimelifuta. Hasira hazijapoa.

Kuwaita matapeli nitakuwa nadanganya. Mtoto wa jirani yangu pale Kimara alipata kazi kupitia kwao, kazi ya kweli, ana mkataba na anakatwa NSSF. Ndiye aliyenielekeza, na nilikwenda na moyo mweupe kabisa.

Mimi ni karani wa forodha. Kwa miaka 17 nimetoa mizigo ya watu bandarini, mpaka kampuni yetu ilipopunguza wafanyakazi na mimi nikawa miongoni mwao. Nilianza kazi tukiwa kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha. Ikaja TANCIS, tukajifunza upya. Ukaja mfumo wa Dirisha Moja, tukajifunza upya tena, wengine tukikaa ofisini hadi saa nne usiku kwa sababu mteja hataki kusikia habari za mfumo, anataka kontena lake. Nayasema haya mapema kwa sababu mtaona nilichokuja kuambiwa kuhusu kompyuta.

Siku yenyewe nilitoka nyumbani alfajiri. Mwendokasi kutoka Kimara mpaka Morocco nimesimama njia nzima, kisha bajaji. Nilivaa suti ya kijivu ninayoitunza kwa ajili ya sendofu na mambo mazito. Kwenye bahasha nilikuwa na CV kurasa mbili, nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, namba ya NIDA na picha ndogo mbili. Pale mapokezi nikaambiwa kuna ada ya kufungua faili, shilingi 20,000. Nikalipa. Risiti wakasema watanitumia kwenye simu.

Tulikuwa kama watu wanane tunasubiri. Wote watoto wadogo kwangu. Kila aliyeingia akanipa shikamoo, na binti mmoja aliinuka akaniachia kiti kilicho karibu na kiyoyozi. Nikaitikia marahaba, nikawauliza wametoka wapi, mmoja akaniambia ana mwaka wa pili tangu amalize chuo na hajapata hata pa kujitolea. Nilijisikia niko kwa watu wangu. Nilisahau hata kwamba tumekuja kugombea kitu kimoja.

Nikaitwa ndani. Afisa mwenyewe ni binti, namkadiria miaka 26 au 27. Akainuka kidogo kwenye kiti. "Shikamoo mama." Nikaitikia. "Karibu mama, pole na foleni." Adabu zote anazo. Akachukua CV yangu, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza, na macho yake yakasimama juu kabisa, kwenye taarifa binafsi. Nilikuwa nasubiri afike kwenye uzoefu wa kazi. Hakufika. Alichukua kalamu nyekundu akaizungushia tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilikuwa naiangalia ile kalamu. Ilianzia juu ya moja ya 1979, ikashuka taratibu, ikapita chini ya tarakimu zote nne, ikapanda ikarudi ilipoanzia. Halafu akapita tena juu ya mduara uleule mara ya pili, kama mwalimu anayekosoa hesabu ya mtoto. Ukurasa wa pili haukufunuliwa.

"Mama, hii nafasi mteja wetu anataka watu wasiozidi 35."

Nikamwambia tangazo halikusema umri. Lilisema uzoefu wa miaka mitano na kuendelea katika utoaji wa mizigo.

"Huwa hatuandiki, mama. Lakini ndivyo anavyotaka. Kazi ina presha, anahitaji damu changa. Na mifumo ya kompyuta siku hizi inabadilikabadilika sana."

Nikamuelezea ile mifumo mitatu. Nilimwomba aniulize chochote. Aniulize samani ziko sura ya ngapi kwenye kitabu cha ushuru, ningemwambia ya 94 bila kufikiri. Aniulize viwango vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ningemwambia vilikuwa 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kuna asilimia 35 juu yake, na ningemwambia wateja wangapi walinipigia simu wiki ile wakidhani nimewaibia. Hakuuliza. Alinyoosha mkono akaurudisha mkono wangu mezani, akaupigapiga, kama unavyombembeleza mgonjwa.

"Mama, mimi nakuheshimu sana. Wewe ni sawa na mama yangu mzazi. Mama yangu mimi nisingependa akahangaike bandarini na lile jua. Kuna mikopo ya halmashauri, asilimia nne ni ya akina mama. Unda kikundi na wenzako, ufungue hata biashara ya vitenge, utulie."

Nitulie.

Jamani, nimeumwa na mambo mengi maishani lakini hili la kufukuzwa kwa heshima sijawahi kulionja. Angenitukana ningejua pa kumshika. Sasa mtu anakushikia mkono, anakuita mama, anakuamkia vizuri, na papo hapo anakutoa kwenye maisha ya kazi ukiwa na miaka 46! Mimi nimekulia Tanga, shikamoo nimefundishwa kabla sijajua kuhesabu. Ukimwamkia mtu mzima unakiri kwamba ameyaona mengi kuliko wewe, ndiyo maana anapozungumza unanyamaza. Mle ndani shikamoo ilikuwa ya kunipimia umri tu. Alipoona imenienea, akafunga faili.

Na hiyo 35 imetoka wapi? Umri wa kustaafu kwa lazima katika nchi hii ni miaka 60, kwa hiari 55. Kutoka 46 mpaka 60 ni miaka 14. Kwa miaka 14 ijayo natakiwa nile, nilipe ada ya watoto wawili, nichangie misiba, huku nikiwa mzee wa kutosha kunyimwa kazi na kijana mno kupewa pensheni. Serikalini nako nimechelewa, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanaandika wazi mwombaji asizidi miaka 45. Angalau wao wanaandika, unajua kabla hujapanda gari. Hawa wa Mikocheni wanakuchukulia 20,000 kwanza ndipo wanasoma mwaka uliozaliwa.

Shoga yangu mmoja, naye katafuta kazi muda mrefu, aliposikia akaniambia kosa ni langu. Nipake kanta kichwani, nifute tarehe ya kuzaliwa kwenye CV na mwaka niliomaliza kidato cha nne, na kazi za zamani nizikate zibaki za miaka kumi. Anasema wenzetu wote wanafanya hivyo. Nilikaa na kalamu usiku mmoja nikajaribu kuikata. Nilifika kwenye miaka yangu saba ya mwanzo, ile niliyojifunzia kazi kwa mzee mmoja marehemu aliyekuwa anakagua hati ya shehena kwa rula mstari kwa mstari, nikashindwa. Nikaiacha kama ilivyo.

Ngoja niwe mkweli pia. Yule binti ameajiriwa kama nilivyokuwa nimeajiriwa mimi. Mteja akisema 35, yeye afanye nini, abishane naye apoteze kibarua chake? Na wale vijana pale nje, yule wa mwaka wa pili bila kazi, nikipata mimi yeye anakosa. Nililifikiria hili kwenye bajaji nikajiona mchoyo. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeshasamehe kabisa, nikisema moyoni wapeni watoto wafanye kazi. Kama ningeandika siku zile ningewapa hata nyota mbili.

Halafu mdogo wangu, aliyewahi kufanya kazi ofisi ya wakili, akaniletea sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7. Nimekisoma mwenyewe. Umri umetajwa humo pamoja na rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na hali ya VVU, kwamba mtu asibaguliwe kwayo. Na kifungu hichohicho kinasema neno mwajiri linamchukua hata wakala wa ajira, na mwajiriwa ni pamoja na anayeomba kazi. Ukileta dalili kwamba ulibaguliwa, ni wao wanaotakiwa kuthibitisha kwamba hawakukubagua. Kwa hiyo binti wa watu anaporudia maneno ya mteja, ofisi yake haijifichi nyuma ya mteja. Msamaha wangu nikaurudisha mfukoni.

Na bado. Wiki kadhaa zikapita, simu ikaita, namba ya ile ejensi. "Shikamoo mama, habari za siku?" Moyo ukaruka, nikadhani nimepata. Kumbe ile nafasi ilishajazwa. Wamempata kijana mzuri, ana miaka 25, ila mteja analalamika kwamba anakwama kwenye nyaraka. Wakakumbuka kuna mama mmoja mwenye uzoefu mkubwa sana. Je, ningeweza kwenda kwa mteja wiki moja nikamwelekeze? Watanipa nauli na chakula cha mchana.

Nilimuuliza arudie. Akarudia, kwa sauti ileile ya adabu.

Nikamwambia mwanangu, kazi mmeninyima kwa sababu ya jua la bandarini, na mifumo ya kompyuta mlisema siiwezi. Sasa nije nimfundishe nini? Akanyamaza. Nikamwambia kwanza nirudishieni 20,000 yangu na risiti yake, ndipo tuongee bei ya wiki, na bei ni ya mtu mwenye miaka 17 kazini. Akasema atawasilisha kwa wakubwa. Mpaka leo hawajawasilisha.

Usiku wa siku mbili baadaye, kama saa tatu, namba nisiyoijua. Kijana mwenyewe. Namba yangu alipewa na ejensi, bila mimi kuulizwa. Nilikuwa nimeshavuta pumzi nimwambie maneno yake, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaribia kulia. "Shikamoo mama. Samahani sana kwa usiku huu. Tamko la forodha limerudishwa mara ya tatu, na ada ya storeji ya mzigo inaanza kuhesabiwa kesho, wamesema itakatwa kwenye mshahara wangu."

Nikamwambia anisomee. Hati ya shehena kwanza, mstari kwa mstari, kisha alichojaza. Tulipofika kwenye uzito nikamwambia asimame hapo. Uzito wa jumla aliuweka kwenye nafasi ya uzito wa bidhaa bila vifungashio, na wa bidhaa akauweka kwenye ule wa jumla. Ameziona tarakimu hizo mara mia hazijamwambia kitu, kwa sababu zenyewe ni sahihi, ni nafasi tu zimebadilishana. Nimeliona kosa hilo kwa watu wengi, na nimelifanya mwenyewe mwaka wangu wa kwanza, yule mzee wa rula akanipigia mstari chini yake na kuniambia nitafute. Tukasahihisha, nikakaa naye kwenye simu mpaka akatuma. Asubuhi akaniandikia limepita, na akanitumia 10,000 ambayo sikumwomba. Kijana wa mshahara wa kuanzia. Ofisi nzima yenye kiyoyozi haijanitumia hata risiti.

Kwa hiyo nisemeje? Yule kijana anaijua kazi na ataijua zaidi, na hakuiba nafasi ya mtu. Simchukii. Akinipigia tena nitapokea. Dada wa mapokezi hakunikosea, mlinzi wa chini alinielekeza vizuri, vijana wa pale kwenye viti Mungu awafungulie. Ejensi yenyewe naipa sifuri, na kila nikikumbuka "utulie" natamani kungekuwa na chini ya sifuri.

Binti alinirudishia CV yangu siku ile, sijui alisahau au aliona ni takataka. Ninayo. Mduara mwekundu upo, umepita mara mbili, ukiikaribia taa unaona karatasi imebonyea. Nimeiweka kwenye bahasha moja na fomu namba moja ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kule zinakopelekwa kesi za kazi. Malalamiko ya aina hii yana siku 60, na zangu hazijaisha. Jina langu nimeshalijaza. Kwenye nafasi ya mlalamikiwa bado sijaandika kitu, na nikiandika, mume wangu ameshasema safari hii hatanifutisha.