Kujipima VVU ndani ya lori: uzoefu wangu na kipimo cha ufizi

Mimi ni dereva wa masafa marefu, Mombasa hadi Malaba, mara nyingine navuka mpaka. Kliniki nyingi hufunga saa ambayo sisi ndio kwanza tunatafuta pa kuegesha. Hiki kipimo nilipewa usiku, kwenye kliniki ya kontena pale Mlolongo, nikakipeleka kabini na kufunga mlango.

Hakuna kudungwa. Unapitisha kijiti mara moja ufizi wa juu na mara moja wa chini, unakitumbukiza kwenye kichupa chenye dawa, unasubiri dakika 20. Zikipita 40 usisome tena. Dakika 15 kabla ya kujipima usitie kitu mdomoni: chai, chingamu, wala miraa, na hapo ndipo wengi wetu tunaharibu. Mstari mmoja penye C, hakijaona virusi. Miwili, C na T, nenda kituoni wakupime tena kwa damu. Hata T ikiwa imefifia inahesabika, kwa hiyo washa tochi, taa ya kabini haitoshi. C isipotokea, tafuta kingine. Kama ulikuwa na mtu majuzi, rudia baada ya miezi mitatu. Na anayetumia ARV asikiguse, kinaweza kumdanganya.

Kipimo chenyewe nakipa alama zote. Mshauri naye nampa zaidi: hakunihoji nalala na nani, alinielekeza taratibu, akaniongezea cha pili nimpelekee mama watoto.

Nikilinganisha na hospitali moja tuliyokwenda kuulizia PrEP, vidonge vya kujikinga na VVU, roho inaniuma. Mhudumu aliita mbele ya foleni nzima, "Wale wa dawa za ukimwi wapite huku!" Utingo wangu aligeuka akaenda zake, na hadi leo hataki kusikia. Ilhali PrEP ni ya mtu ambaye hana virusi, na serikali ya Kenya ilianza kuitoa mwaka 2017. Utingo, dereva, dada wa baa za barabarani, hao ndio wanaoihitaji kuliko wote, na ndio hao wanaofukuzwa na mdomo wa mtu mmoja.

Ombi langu kwa wanaopanga huduma hizi: vidonge vya mwezi mmoja havimtoshi anayekwenda Juba akakwama mpakani. Mpeni vya miezi mitatu, na mumpe usiku, pale pale anapoegesha.