Ushauri wa Kuomba Nyongeza ya Mshahara Ukiwa Bado Mgeni Kazini: Kipindi cha Kwanza Kinafaa, cha Pili Hapana

Nilikuwa nimetimiza miezi minne tu katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa nilipoamua kumlipa mtu anifundishe namna ya kuomba nyongeza ya mshahara. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi kufikia mwezi wa pili nilikuwa na majembe mawili, kwa kuwa mwenzangu aliyekuwa akifuatilia makontena bandarini aliacha kazi, na shughuli zake zote zikahamishiwa kwangu bila barua wala senti. Nilikuwa nimeajiriwa kuandaa hati za forodha tu, kwa shilingi 45,000 kwa mwezi.

Ofisi ya ushauri niliyoiendea iko kwenye ghorofa ya pili ya jengo kuukuu, mwendo mfupi kutoka Pembe za Ndovu. Jina lake silitaji, kwa sababu nina malalamiko ambayo bado hatujayamaliza. Wanauza vipindi viwili: cha kwanza ni mazungumzo ya saa moja na nusu kwa shilingi 3,000, na cha pili ni kuandikiwa barua ya maombi pamoja na kufuatiliwa kwa simu, kwa shilingi 4,500. Nilivilipia vyote kwa pamoja, na hapo ndipo nilipokosea.

Mshauri ni mama wa makamo aliyewahi kuwa afisa wa wafanyakazi katika hoteli za pwani. Kabla sijamaliza kueleza dhiki zangu za kodi ya nyumba na nauli, alininyamazisha kwa upole akaomba kuona mkataba wa kazi. Aliusoma wote, akaweka kidole kwenye kifungu cha kipindi cha majaribio na kunieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua: kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kipindi hicho hakizidi miezi 6, na kikiongezwa ni kwa ridhaa ya mfanyakazi, lakini kabla hakijaisha, mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 7 au malipo ya siku hizo. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mwajiri kukuongeza mshahara kwa sababu maisha yamepanda. Hata hivyo sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri, pale masharti ya kazi yaliyoandikwa yanapobadilika, ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi. "Mwanangu," aliniambia, "wewe huendi kuomba hisani. Unaenda kuuliza kazi hii ya pili imeandikwa wapi."

Sentensi hiyo peke yake ilistahili zile shilingi 3,000. Iliniondolea aibu niliyokuwa nayo ya kuonekana mwenye tamaa kabla sijazoeleka, na ikanifanya niache habari za nauli, ambazo kila mfanyakazi wa mji huu anazo. Badala yake alinituma nikakusanye ushahidi wa miezi miwili: ni makontena mangapi niliyoyashughulikia, na mangapi yalitoka bandarini kabla ya siku za bure kwisha na ada ya uhifadhi kuanza kuhesabiwa. Nilikuta ni 31 kati ya 34. Aliyewahi kuona ankara ya ada hiyo anajua jinsi mteja anavyoweza kuhamia kwa wakala mwingine kwa sababu ya kontena moja lililochelewa.

Sehemu nyingine niliyoipenda ni hesabu. Nilitaka kuomba 5,000, nikidhani zote zitafika mfukoni. Mama yule alichukua karatasi akaanza kukata: asilimia 6 ya hazina ya uzeeni, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, kisha kodi ya asilimia 30 kwa kile kinachobaki. Kwa mtu wa kiwango changu, kila shilingi 1,000 inayoongezwa huacha takriban 628 mkononi. Ile 5,000 ingekuwa 3,140 hivi. Tukakubaliana niombe 8,000, na nisiteremke chini ya 6,000. Alinipa pia jibu kwa wale wanaosema Mombasa ni mji wa bei nafuu kuliko Nairobi: katika viwango vya kima cha chini cha mshahara vinavyotolewa na serikali, Mombasa imewekwa kundi moja na Nairobi na Kisumu. Mimi si mtu wa kima cha chini, lakini hoja ina uzito wake.

Mazoezi ya mazungumzo hayakuwa na ubora huo. Alijifanya mkurugenzi, akanitaka nitaje kiasi kisha ninyamaze, jambo ambalo nililiona la busara. Kisha akanishauri niseme kuwa kuna kampuni nyingine inanitaka. Hakukuwa na kampuni yoyote. Pengine uongo huo unapita mahali pengine, lakini watu wa forodha wa Mombasa tunakutana kwenye madirisha yaleyale na tunakunywa kahawa kwenye mabaraza yaleyale. Mkurugenzi wangu angepiga simu mbili tu akaujua ukweli kabla ya adhuhuri. Zaidi ya hayo, hakunifundisha chochote kuhusu namna ya kumkabili mtu aliye na umri wa baba yangu, ambaye wafanyakazi wote humwita Mzee na ambaye huwezi kuingia kwake na kuanza na tarakimu kabla ya kumjulia hali. Adabu hiyo nilikwenda nayo mwenyewe kutoka nyumbani.

Kuhusu kipindi cha pili, sina mengi mazuri ya kusema. Barua niliyoahidiwa kwa siku tatu ilifika baada ya siku kumi na moja. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, kwani aya ya pili ilinisifu kwa kuongeza mauzo ya bima, na anwani ya mwajiri ilikuwa ya Nairobi. Nilipowapigia, kijana aliyepokea alinieleza kwamba ni "mfano" tu na kwamba kubadilisha ni kazi ya mteja. Simu za ufuatiliaji hazikuja hata moja. Risiti pia sikupewa. Malipo yalikwenda kwa M-Pesa kwenye nambari ya mtu binafsi, nami nilipaswa kuliona hilo mapema.

Mwishowe niliandika barua yangu mwenyewe, ukurasa mmoja, nikaambatisha orodha ya makontena, nikamwomba Mzee nafasi siku ya Alhamisi jioni baada ya shughuli kupungua. Alisoma orodha mara mbili. Alisema haongezi mshahara wa mtu aliye kwenye majaribio, ila aliagiza niandikiwe barua inayotambua kazi ya bandarini, nilipwe marupurupu ya 4,000 kwa mwezi kuanzia mwezi uliofuata, na mshahara wenyewe ujadiliwe siku nitakapothibitishwa. Barua ninayo, na tarehe imeandikwa.

Kwa hiyo, ikiwa kazi yako imebadilika tangu uajiriwe na unaweza kulithibitisha hilo, lipia kipindi cha kwanza na uende na mkataba wako. Ikiwa unachotaka ni pesa zaidi kwa kazi ileile uliyoikubali juzi, mama yule atakurudisha nyumbani baada ya dakika ishirini, na ada hatakurudishia. Mimi nimedai shilingi 4,500 za kipindi cha pili. Hadi ninapoandika haya, zimerudi 2,000.