Modeli ya Bradley ya kuunganisha, ile yenye vitu vya ndani: uzoefu wangu hapa Dodoma

Swali ninaloulizwa sana ni kama inalipa hiyo hela. Inalipa, ila nunua ile yenye vitu vya ndani, yani injini, mabenchi, risasi, vyote. Ile ya ganda tupu ni rahisi kweli lakini ukimaliza unabaki na pambo la juu ya friji, kuhusu gari lenyewe hujajua kitu. Bradley ni gari la kivita la Wamarekani la kubebea askari, na yangu ni M2A2, toleo la ODS, yani lililoboreshwa baada ya vita vya Ghuba vya 1991, skeli ya 1/35, yani ndogo mara 35 kuliko gari lenyewe, ikikamilika ina kama sentimita 18 hivi. Aliniagizia ndugu yangu yuko Dar, ikapanda basi mpaka stendi ya Nanenane, jumla laki mbili na ushee.

Maelekezo ni ya hovyo kidogo, michoro mitupu na mishale imepishana, kuna sehemu inabidi ukae uwaze huyu mtu alikuwa anamaanisha nini. Ila ukifika kwenye injini unasahau hasira zote. Inakaa mbele upande wa kulia, dereva yuko kushoto kwake, ni dizeli ya Cummins V8 ambayo kwenye A2 inatoa nguvu farasi 600. Vifaru vingi injini iko nyuma, hapa wameileta mbele makusudi ili nyuma kubaki wazi kwa ajili ya askari, ule mlango mkubwa unashuka chini mzima mzima kwa haidroliki, jamaa wanatoka huku gari lote liko kati yao na adui. Ukilielewa hilo umeelewa gari zima, maana vingine vyote vimepangwa kuufuata ule mlango.

Sasa kasheshe ni nafasi. Wahudumu wa gari ni watatu, dereva, mpiga mzinga na kamanda, halafu nyuma wanatakiwa waingie sita au saba kutegemea toleo, na humo humo unatakiwa upange risasi 900 za mzinga na makombora 7 ya TOW, yale ya kupiga vifaru, mawili tu ndo yanakaa kwenye boksi lake nje, mengine matano yako ndani na watu. Mimi nabandika maboksi huku najiuliza huyu mtu na begi lake na bunduki yake magoti anaweka wapi. Ndo maana gari limepanda juu karibu mita 3, shabaha kubwa hiyo. Wasovieti kwenye BMP-1, gari lao la kazi hiyo hiyo, walichagua kinyume, lao halizidi sana mita 2, ila askari wanakaa wamepeana migongo na tangi la mafuta liko katikati yao, na milango ya nyuma nayo imewekwa mafuta ndani. Bora urefu bwana.

Kupiga rangi alinisaidia shemeji yangu, yeye ni fundi rangi za magari kule Majengo na kompresa anayo. Akaligeuza geuza akaniambia, "Shem, kifaru chako kina bomba jembamba hivi kitamuua nani?" Nikamwambia sio kifaru shem, kazi yake ni kuwafikisha askari na kuwasaidia kwa risasi wakishashuka. Mzinga ni Bushmaster wa milimita 25, unaendeshwa na mota ya umeme na mnyororo kama wa pikipiki, risasi ikigoma mota inaendelea kuvuta, na unalishwa njia mbili, huku za kutoboa chuma huku za kulipuka, mpigaji anabadili kwa swichi tu. Mwanzoni mwa 2024 kule Ukraine karibu na Avdiivka Bradley zilirekodiwa zikikishambulia kifaru cha Warusi cha T-90M kwa mzinga huo huo mdogo mpaka kikashindwa kupigana. TOW ndo ya kazi nzito, inafika mita 3,750 ila inaongozwa kwa waya, gari lisimame na mpigaji asiondoe macho kwenye shabaha mpaka ifike, sekunde kadhaa za roho mkononi.

Shemeji kilichomshangaza zaidi ni bodi kuwa ya aluminiamu, kwa wale wanaochomelea wanajua shughuli yake. Ndo hivyo, walitaka wepesi, la mwanzo la 1981 lilikuwa na tani kama 22 na lilikuwa linaelea majini likifungwa pazia lake. Kwenye A2 wakaongeza bamba za chuma pembeni, uzito ukasogea karibu na 30, kuogelea kukaishia hapo. Hata yale matundu ya askari kupiga bunduki wakiwa ndani yalizibwa ubavuni, kwenye modeli utayaona mawili tu yamebaki mlango wa nyuma. Mimi naona walifanya vizuri, maana nani anapiga kwa shabaha kupitia katundu na gari linaruka ruka.

Kibaya zaidi kwenye boksi ni bawaba za lile boksi la TOW, plastiki laini mno, usichezee kulipandisha na kulishusha, chagua moja ugandishe. Minyororo ya chini nayo ni kipande kwa kipande, washa redio usikilize maana itachukua muda.

Kwa wa huku kwetu, rangi pigeni asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, la sivyo vumbi linajibandika lote kwenye rangi mbichi. Ila likishakauka vumbi hilo hilo ni mali, nilichekecha udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba kwenye soksi ya wavu, nikaupaka kwa brashi kwenye minyororo na sketi za pembeni, umetoka vizuri kuliko yale makopo ya unga yanayouzwa bei ya kutisha. Vioo vya periskopu, vile vya kuchungulia nje, usitumie supa gluu, vinafanya ukungu mweupe, tumia gundi nyeupe ya mbao na usubiri mpaka kesho yake.