TAHADHARI: Pedi za breki "mpya" hapa Mtwara mjini, chini ya rangi ni kutu tupu

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, kuweni macho mnaponunua pedi za mbele. Duka silitaji, sitaki malumbano. Mchezo wenyewe ndio nataka muujue.

Gari langu ni Noah ya 1999. Mbele ilianza kupiga mluzi kila nikigusa breki, fundi wangu akafungua akanionyesha: pedi zimebaki nyembamba kama sarafu. Nikaenda kutafuta spea. Jamaa akanipokea kwa bashasha: "Bosi, hizi orijino Japani, ukifunga unasahau." Boksi safi, limevishwa nailoni. Shilingi 35,000, na kijana wake ananifungia bure palepale. Hiyo bure ndiyo iliyoniponza.

Siku ya 19 baada ya kufungiwa, natoka Mpapura, nashuka kile kiteremko cha kuingia Mikindani. Kukanyaga breki, gari likavutia kushoto, na upande wa kulia nikasikia chuma kinasaga chuma. Nikarudisha gia ya chini, handbreki kidogo kidogo, nikaliingiza pembeni. Bahati hapakuwa na bodaboda mbele yangu.

Fundi alipofungua kulia, utando wa pedi, ile sehemu inayosugua diski, ulikuwa umebanduka wote kwenye bati lake, kama soli ya kiatu cha mtumba. Akakwangua ile rangi nyeusi ya mgongoni kwa bisibisi. Chini kutu, na maandishi ya kampuni nyingine kabisa, siyo ya kwenye boksi. Bati kuukuu, limegandishwa utando kwa gundi! Diski ikachimbika mifereji, nimelazimika kununua mbili.

Hapo ndipo nikakumbuka: yule kijana alipomaliza kufunga, alizikusanya pedi zangu za zamani akazitia kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa inakaribia kujaa. Nikadhani ni usafi tu.

Nilirudi dukani. Muuzaji akasema fundi wangu ndiye kaharibu, na risiti iko wapi? Sikuwa nayo. Kosa langu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, zitoe pedi zote nne kwenye boksi. Zipange uone kama unene unalingana. Mpya utando huwa milimita 10 hivi, zangu zilipishana na sikujali. Pitisha ukucha pale utando unapokutana na bati, uone kama kuna mwanya. Geuza mgongoni: bati jipya halina vishimo vya kutu, na maandishi yake hayajafukiwa na rangi. Nenda na fundi wako mwenyewe, dai risiti ya mashine. Na pedi zako za zamani ondoka nazo, hata kama zinaishia jalalani kwako.

Malalamiko nayapeleka Tume ya Ushindani (FCC), boksi ninalo. Anayetaka kuziona hizo pedi kabla hajaenda dukani anitafute, natembea nazo kwenye buti.