Dhahabu ya jani na dhahabu ya unga katika miswada ya Ulaya
Wapambaji wa miswada ya Ulaya, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, walitia dhahabu kwa njia mbili. Jani la dhahabu lilibandikwa kabla ya rangi, juu ya tabaka la plasta na gundi ambalo fundi alilipumulia ili lipate unyevu wa kuinasa dhahabu, kisha akaisugua kwa jino la mbwa au jiwe laini hadi ikang'aa kama kioo. Dhahabu ya unga, iliyochanganywa na gundi ya mgunga na kuwekwa ndani ya ganda la kome, ilipakwa kwa brashi mwishoni. Mng'ao wake ni hafifu, lakini katika karne ya 15 mchoraji Jean Fouquet wa Ufaransa aliitumia kuchora mistari myembamba ya mwanga kwenye mikunjo ya nguo, kazi ambayo jani lisingeiweza. Kwa herufi kubwa, hata hivyo, nalichagua jani bila kusita.